Mzinga wa Nyuki Ndani ya Banda la Kasuku

Fungeni mlango wa kwanza kabla hamjafungua wa pili. Naanza na hilo kwa sababu tangu niwakabidhi funguo mwezi uliopita, nimekuwa nikishtuka kitandani nikidhani nimeuacha wazi, ingawa si kazi yangu tena. Ndege akitoka hapa Tabora hana pa kwenda. Amezaliwa bandani, bakuli lake la maji halijawahi kukauka, na mwewe anamwona kabla yeye hajajua mwewe ni nini.

Mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo katika daftari la banda. Nitaandika, lakini msitegemee habari za vyeo. Katika kazi hii kuna cheo kimoja tu, cha mwenye ufunguo, nacho mnacho tayari.

Niliingia kazini miaka ya mwanzo ya Uhuru, nikiwa fundi seremala. Baba yangu alikuwa seremala hapa mjini, na babu yangu pia. Mama Nirmala alikuwa mke wa mwenye duka la vitambaa, na uani kwake kulikuwa na banda la waya lililojaa kasuku wa Australia. Mumewe hakuwa na neno na ndege hao ila kulalamika kwamba wanampigia kelele anapofanya hesabu. Niliitwa kurekebisha bawaba. Nilipomaliza, Mama Nirmala alinipa kigoda, akaniambia niketi humo bandani hadi jioni, nisiguse kitu.

Jioni alikuja kusimama nje ya waya.

"Wangapi wamekula leo, Mrisho?"

Nikamjibu kwamba wote wamekula.

"Na wangapi wamejifanya wanakula?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake akanionyesha. Ndege mgonjwa huogopa kuonekana mgonjwa, kwa hiyo hukaa bakulini na wenzake, anamenya punje na kuangusha maganda, lakini hamezi kitu. Ukitazama kwa mbali utasema ana hamu ya kula kuliko wote. Mtazameni kooni, msimtazame mdomo. Siku ile ya pili niligundua mmoja, na tangu hapo sikurudi kwenye useremala. Jamaa zangu waliniita mchunga kasuku, tena kwa miaka mingi, mpaka walipochoka wao.

Jambo la pili alilonifundisha ni rangi. Najua mnaulizwa kila siku kwa nini hatuna kasuku wa bluu wala weupe wakati mabanda mengine wanao. Mama Nirmala alitaka ndege wawe na rangi ile waliyo nayo porini kwao, basi. Shida ni kwamba rangi nyingine hujificha. Kasuku mdogo wa kijani anaweza kuwa kijani nje, huku ndani ya damu yake kuna bluu aliyoirithi kwa bibi yake. Hutaiona kwake. Utaiona siku makinda yake yanapoota manyoya, na siku hiyo umeshachelewa, kwa sababu hujui tena ni yupi kati ya ndugu zao anayeibeba. Ndiyo maana kila jozi imeandikwa daftarini, na wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao. Msichoke kuandika. Banda likipoteza ukoo wake halirudishiwi na mtu.

Katika banda lile walikuwamo ndege ambao Mama Nirmala aliwapenda kuliko wengine, nasi tuliwaita mgongo mwekundu. Mnawajua. Dume ni kijani, na juu ya mkia ana doa jekundu kama kaa la moto linaloonekana anaporuka. Jike hana kitu. Ni rangi ya majani yaliyokaukia juani, kijivu chenye ukijani kidogo, na wageni wakija hupita bila kumwona. Wafugaji wa miji mingine walikuwa wameshawachanganya wa kwao na wa manjano, kwa sababu wa manjano wanampendeza mteja. Sisi hatukuwachanganya.

Ilipofika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulikuwa tumebaki na mgongo mwekundu wanne. Madume mawili, jike moja kikongwe ambalo mayai yake hayakuwa na kitu tena, na jike moja changa. Kuagiza wengine nje hakukuwezekana. Fedha za kigeni zilikuwa za dawa na vipuri, na mimi mwenyewe nisingethubutu kumwomba mtu kibali cha kasuku. Kwa hiyo ukoo wote ulikuwa umening'inia kwa jike moja. Nalo lilikuwa halitaki kutaga.

Misimu miwili nililitengenezea sanduku la mbao. Nilikuwa seremala, nikapiga randa, nikaweka unga wa mbao chini, nikatoboa tundu la duara ambalo hata baba angelisifu. Jike lilichungulia, likaondoka. Ndege hawa kwao hutaga katika mashimo ya miti mikongwe, na sanduku langu zuri lilikuwa na kosa hilo tu, kwamba halikuwa mti.

Wakati huohuo Mama Nirmala alikuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, safari ya miezi. Aliponiaga hakuniusia mengi. Alisema, "Lile jike, Mrisho." Akapanda gari la farasi wa chuma, kama alivyopenda kuliita treni, akaniachia wasiwasi wote.

Niwaeleze na hali ya nje ya banda, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Mvua zilikuwa zimekosekana, na kwelea walikuwa wameshuka kwenye mashamba kama wingu. Watu walishinda juani wakipiga madebe kufukuza ndege wasimalize uwele wao. Mimi nilikuwa napita mtaani na mfuko wa uwele wa kulisha ndege. Nilianza kuufunika kwa kanga ya mke wangu. Baadaye nikaanza kwenda mwenyewe kandokando ya reli upande wa Kigwa, kukusanya mbegu za nyasi, ili nipunguze uwele. Hakuna aliyenisema. Mimi ndiye niliyekuwa najisema, kila siku, punje zikimenywa mbele ya macho yangu.

Basi nikaenda Ipole kumwona dada yangu aliyejifungua. Alikuwa ameolewa huko, na kijiji chao kilikuwa kimehamishiwa barabarani, nyumba mpya zimepangwa mstari. Ipole ni watu wa tumbaku na nyuki. Nyuma ya nyumba ya jirani yake, Mzee Maganga, niliona mizinga ya magogo ya mninga imelazwa chini, mitupu ndani, ina kifuniko cha duara kila upande na gome lake juu. Nilisimama pale nikaona akilini jike langu likiingia ndani ya mmoja wao.

Nilimwamkia shikamoo, nikaomba aniuzie mmoja.

"Mjini mmeanza kufuga nyuki?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mpatazame vizuri. Ningesema ni wa ndege. Lakini mkewe alikuwa pembeni anapepeta uwele mdogo sana katika ungo mkubwa sana, na ulimi wangu ukakataa kumtaja kasuku. Nikacheka tu. Yeye akachukua kicheko changu kuwa ndiyo. Nikaongeza kwamba naomba ulio mzuri, uliokwisha kujaribiwa.

Mzee Maganga alichagua kwa muda mrefu. Akagonga huu, akanusa ule, mwishowe akanipa mmoja mweusi wa zamani, akasema huu hauna haja ya kubembeleza mtu. Niliona ndani yake unang'aa kidogo nikadhani ni uzee wa mti. Ilikuwa nta. Mfuga nyuki akitaka kundi liingie katika mzinga huupaka nta ndani, maana nyuki huifuata harufu yake kutoka mbali. Mtoto yeyote wa Ipole angenieleza. Nilikuwa nimeomba mzinga bora, na nilipewa mzinga bora.

Nikaurudisha mjini juu ya lori, nikatoboa tundu upande mmoja, nikautundika bandani kwenye kona yenye kivuli. Jike lilizunguka siku mbili. Siku ya tatu likaingia, likakaa humo asubuhi nzima, likatoka na unga wa mbao kwenye manyoya ya kichwa. Nilijifungia stoo nikacheka peke yangu. Lilitaga mayai matano, moja kila baada ya siku moja, kisha likaanza kulalia. Dume lilikuwa likija mlangoni kulilisha. Jike hulalia kama wiki tatu hivi, na katika wiki hizo kazi ya mfugaji ni kutofanya kitu, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nilikuwa nahesabu siku kwa vijiti vya kiberiti juu ya dirisha.

Kijiti cha kumi na nne niliona nyuki wawili kwenye tundu. Ilikuwa kiangazi kikali na nyuki huja bandani kunywa maji; sikujali. Kesho yake walikuwa kumi. Walikuwa wanatembea juu ya gogo, wanaingia kidogo, wanatoka, kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Niliongeza maji upande wa pili wa ua ili niwavute huko. Usiku sikulala vizuri, lakini nilijiambia ni kiu tu. Nyuki mwenye kiu huenda kwenye bakuli. Hawa hawakuligusa bakuli, nami niliona hivyo kwa macho yangu na bado nikajiambia ni kiu.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, nilisikia mvumo nikadhani ni gari barabarani. Kisha ua ukawa na giza la mchangamchanga, na kundi zima likashuka juu ya mzinga. Waya wetu unazuia nyoka na paka. Nyuki hupita bila kuinama. Walining'inia kwenye tundu kama mkungu wa ndizi, na polepole wakaanza kuingia. Jike lilikuwa ndani.

Niliwakimbiza ndege wengine kwenye chumba chao cha kulala nikafunga kidirisha. Dume lilikataa kuingia. Nilichukua moshi wa makaa, nikafika nao mlangoni, nikarudi. Moshi ungelitoa jike kama lingekuwa na mlango. Mlango wake ulikuwa umejaa nyuki. Nikaweka makaa chini, nikakimbia.

Siku hiyo ilikuwa ya kupima asali na nta sokoni, na watu wa Ipole na Sikonge walikuwa wamekuja na lori. Nilimkuta Mzee Maganga kwenye foleni ya mizani, ana debe mbele yake, watu watatu tu wamebaki afikiwe. Nilisahau hata kuamkia. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwa kuniangalia, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama mzinga umepata wageni.

"Wameingia sasa hivi," nikasema.

"Sasa unahema nini? Waache. Subiri, utakula asali."

"Mzee, ndani kuna ndege."

"Ndege gani kaingia humo? Si atatoka."

"Niliuweka kwa ajili yake. Ni banda la kasuku. Jike amelalia mayai humo ndani."

Foleni yote iligeuka. Mtu mmoja mwenye magunia akawaambia wenzake kwamba sisi tunapiga madebe mpaka masikio yanaziba, kumbe wa mjini wanafuga kwelea wao kwa heshima. Watu wakacheka. Mwingine akauliza hao ndege wanakula nini, wali?

"Uwele," nikasema.

Kicheko kikaisha. Nilikuwa nimeogopa neno hilo moja kwa miezi, na sasa lilikuwa limetoka mbele ya watu ambao hasa nililificha wasilisikie.

Mzee Maganga hakuwaangalia wao. "Ungesema ndege, ningekupa gogo bovu. Ninayo mengi, hayana nta, nyuki hata hawayasogelei. Mimi nimekupa mzinga wa marehemu baba."

"Sikusema ni wa nyuki, Mzee."

"Hukusema. Ulinyamaza ukaniacha nijisemee mwenyewe. Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Ya nani?"

"Yenu."

 Kisha akamsogezea debe yule mwenye magunia aliyenicheka, akamwambia amshikie nafasi, na kama zamu ikifika ampimie. Akatoa bonge la nta mfukoni mwake, akaniuliza banda liko wapi.

Alipofika hakukimbia. Aliomba kapu, akalisugua nta kwa ndani mpaka likanukia. Aliona makaa yangu chini akayamwagia maji. Akanieleza, kama ninavyowaeleza ninyi sasa, kwamba nyuki wanaohama wameshiba asali waliyobeba na hawana nyumba ya kulinda bado, kwa hiyo ni wapole kwa saa chache. Na kwamba wote wanamfuata mama yao mmoja, basi anatafutwa huyo. Akaingiza mkono mtupu katika ule mkungu wa nyuki, akawa anawachota kama anachota uji mzito, anawamimina kapuni. Mimi nilishika kapu. Mmoja alinichoma kwenye kope, sikuthubutu kupangusa.

Alichota mara nyingi. Kisha akasimama, akatazama wale waliobaki kwenye gogo wakianza kugeuka, wakitembea kuelekea kapuni mstari mmoja, mabawa yanapepea. "Mama yao yumo," akasema. Tukalitundika kapu nje, chini ya upenu wa baraza.

Nikataka kufungua gogo. Akanishika kiwiko, akasema bado, waliomo ndani watoke wenyewe, wakibanwa watamalizia hasira kwa aliyemo. Tukakaa chini. Dume lilikuwa juu ya waya linaita, linanyamaza, linaita. Mzee Maganga, ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa, aliuliza ndege hawa wana faida gani. Nikamwambia ukweli, kwamba hawana, ila mtu ameniachia. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu limetosha. Nafikiri tulikaa saa nzima. Sijawahi kukaa saa ndefu kuliko ile.

Alipofungua kifuniko cha upande, jike lilikuwa juu ya mayai, limetandaza mabawa pande zote. Lilikuwa limekufa. Lingeweza kutoka wale watangulizi walipoingia, halikutoka. Nilipolinyanyua, mayai yalikuwa bado na joto lake.

Sasa sikilizeni, maana hili litawafaa. Joto la yai linaondoka upesi, huna muda wa kulia. Lile jike kikongwe lilikuwa na desturi ya kulalia mayai yake matupu sandukuni, katika lile sanduku langu la seremala. Niliyatoa matupu, nikaingiza yale matano chini yake, moja moja. Likanidonoa kidole. Kisha likajisogeza, likayakusanya kwa mdomo, likalala. Ndege mkali anayekudonoa namna hiyo msimchukie, ndiye anayelinda.

Siku ya tano baada ya hapo yalianguliwa mawili. Matatu hayakuanguliwa.

Mama Nirmala alirudi makinda yakiwa bado uchi, na mimi sikwenda stesheni kumpokea. Alikuja bandani moja kwa moja akiwa na miwani myeusi, jicho moja limefungwa, jingine likiona ukungu tu. Hakuhesabu kwa macho, alisikiliza. Akauliza jike liko wapi. Nilimweleza yote, tangu ungo wa mke wa Mzee Maganga hadi kope yangu. Sikuruka kitu.  Alirudi ndani, na kwa wiki mbili aliniletea chai kwa mkono wa mumewe, ambaye alinipa kikombe huku akitazama viatu vyake. Nilisubiri kuambiwa nirudishe ufunguo. Wakati huo nilikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo. Kama makinda yote mawili yangekuwa madume, ukoo ulikuwa umekwisha, na mimi ndiye niliyeumaliza. Kinda uchi halikuambii kitu. Kila asubuhi nilichungulia sandukuni, nikaona vichipukizi vya manyoya, bado vimefungwa kama mikeka iliyokunjwa.

Nisije nikasahau, Mzee Maganga alikuwa akipita kila alipoleta nta mjini. Aliniletea magogo mabovu mawili, akayaacha uani bila kueleza. Ndiyo hayo mnayoyatumia. Kila alipokuja aliuliza, "Wana rangi?" Nikamjibu bado.

Asubuhi moja manyoya yalifunguka. Nilitoa kinda la kwanza, nikainua mkia. Wekundu ulikuwa pale, kidogo, lakini pale. Dume. Nikalirudisha. Sikuweza kulitoa la pili kwa muda, nikabaki nimesimama mkono ukiwa sandukuni, nausikia moyo wake unavyokimbia dhidi ya kidole changu, au ulikuwa wangu.

Mama Nirmala alikuwa amekuja nyuma yangu. Hakuwa amesema nami tangu siku ile. Alinyoosha kiganja, nami nikalitoa lile la pili nikaliweka humo. Alilifunika kwa mkono wa pili, akageuza uso kwangu na ile miwani myeusi.

"Rangi gani, Mrisho?"

Alifunua mkono, nikaligeuza taratibu kwenye mwanga, nikainua bawa, nikainua mkia, nikatazama mara mbili.

"Ya majani makavu, Mama. Hana hata unyoya mmoja mwekundu."

Alilipapasa kichwa kwa dole gumba.

"Basi mrudishe ndani," akasema. "Asipate baridi."